Kata Isiyo na Mtu

Kijiwe chetu ni benchi refu mbele ya kinyozi, ubavuni mwa jiko la Shangazi anayeuza kahawa. Hapo hukaa mimi, Kinyozi mwenyewe akikosa kichwa cha kunyoa, na dalali wa vyumba tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imetoka kukatika, kahawa ya moto, na sote tulikuwa na nafasi ya kubishana.

Ubishi ulikuwa wa zahanati. Kata yetu ilikuwa imegawanywa, sisi tukaangukia kata mpya. Jengo la zahanati tulishalimaliza kwa nguvu zetu, lakini lilikuwa limefungwa kufuli. Halmashauri ilisema haiwezi kuleta muuguzi wala dawa bila idadi rasmi ya watu, na sensa ilifanyika kabla ya mgawanyo. Kwa hiyo kwenye karatasi, kata mpya haikuwa na mtu.

Redio alisema hiyo kazi ndogo, setilaiti inahesabu mapaa, kila paa linazidishwa kwa tano. Kinyozi akamkumbusha kile chumba alichowapangishia watu wanane. Kinyozi yeye alitaka nywele: zikusanywe za mwezi mzima, zipimwe kwenye mizani, zigawanywe kwa uzito wa nywele za kichwa kimoja. Nikamuuliza wenye vipara tutawaweka wapi.

— Mimi naona tukae kimya, akasema Redio. Mtu asiyehesabiwa hawezi hata kufa. Atakufa vipi na hayupo?

Shangazi hakucheka. Mkwewe alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza alijifungulia ndani ya gari, wakiwa njiani kuifuata zahanati ya kule kata ya zamani. Akafuta mikono, akamwambia Kinyozi aangalie birika.

— Nyinyi endeleeni. Mimi naenda kuwauliza wenyewe wanaohesabu.

Alirudi alasiri, viatu vimejaa tope, uso umekunjuka. Karani wa takwimu alikuwa amemkalisha kitini na kumweleza taratibu. Sensa haikuwahesabu watu kwa kata nzima nzima. Iligawa nchi vipande vidogo, kila kipande na idadi yake. Mipaka ikibadilika, wanachukua vipande vilivyoangukia kata mpya, wanajumlisha, na hiyo ndiyo idadi rasmi. Hakuna haja ya kuhesabu upya. Vyetu vyote vilikuwa sawa isipokuwa kimoja, ambacho mpaka ulikipasua katikati. Mtaa wetu huu. Atakuja mtu kuangalia nyumba zipi ziko upande upi.

Redio alimsikiliza mpaka mwisho bila kudakia. Hilo nalo lilikuwa jipya.

Wiki iliyofuata akaja binti mmoja wa ofisi ile, mpole, ramani iko kwenye simu. Kinyozi alifunga duka akamtembeza nyumba hadi nyumba, huku Redio akiwatangulia kugonga milango. Walipomaliza, binti akaketi nasi benchini. Alisema ofisi itatoa idadi kabla mwezi haujaisha, na kwa alivyoona, watu tunao wa kutosha, muuguzi atakuja.

Shangazi alimmiminia kahawa na kusimama hapo hapo na birika lake, akimtazama anavyokunywa. Mkwewe akatoka uani na vikombe vilivyooshwa, akitembea polepole, mkono kiunoni. Tukasogea, tukabanana ili apate pa kukaa.

Binti akatutazama, akatabasamu.

— Kwani nyinyi hapa kijiweni huwa mko wangapi?

Kinyozi akaanza kutunyooshea kidole, akajisahau mwenyewe, akarudia. Redio akasema Kinyozi asihesabiwe, analala kata nyingine. Mimi nikauliza kama Shangazi naye yumo, maana sijawahi kumwona amekaa. Kisha sote watatu tukamgeukia mkwe, tukaona haya kidogo, tukashindwa kusema yule ni mmoja au wawili.

Yeye mwenyewe akacheka kwanza.