Chai Niliyounywesha Mpapai

Asifiwe Bwana aliyenileta mbele yenu leo kwa miguu yangu miwili. Ndugu zangu, hapa Kang'ata wengi mnanijua kama Mama Eliasi, na mnajua nina kisukari. Msichokijua ni ugonjwa wangu mwingine, wa kumdhania kila mtu vibaya. Huo hauna kliniki. Bwana ameniponya huo kwa kikombe cha chai ya kijani, na aibu yangu sitaificha.

Mwanangu Eliasi alioa binti wa Kisambaa, Rehema, kutoka milimani juu ya Mombo. Mimi Mzigua nilitaka aoe huku huku kwetu. Binti alikuja na adabu nyingi mno. Shikamoo ya asubuhi anaitoa amepiga magoti, nami badala ya kufurahi najiuliza, huyu anaficha nini? Eliasi naye akaacha kuzurura, akawa anarudi nyumbani mapema. Nikamwambia jirani yangu Mama Hadija, "Mwanangu kalishwa limbwata, dawa ya mapenzi." Mama Hadija akacheka, akasema huenda kijana anampenda tu mkewe. Nikamtilia shaka na yeye.

Basi daktari wa Korogwe akanikataza sukari, mimi niliyezoea vijiko vinne kwenye chai ya maziwa. Rehema akamwomba mama yake amtumie majani ya chai ya kijani, maana kwao wanalima chai. Siku ya kwanza akaniletea kikombe hakina maziwa, hakina sukari, kinanukia kama nyasi zilizofyekwa. Akasema kwa upole, "Mama, kunywa hii. Itakutuliza."

Ndugu zangu, neno hilo! Wanawake wenzangu mnajua. Tukisema fulani kamtuliza mumewe, hatuzungumzii chai. Tunazungumzia mganga. Nikaona ameshamtuliza mtoto, sasa zamu ya mama, ili nyumba iwe yake.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikangoja arudi jikoni. Chai yote nikaimwaga dirishani, kwenye mpapai. Nikafanya hivyo asubuhi na jioni, wiki tatu. Kila siku nauchungulia ule mpapai nione unakauka lini. Wiki ya kwanza haukukauka. Wiki ya pili ukatoa majani mapya. Nikasema kumbe dawa yenyewe inafanya kazi polepole. Nikishamwaga, naenda kwa Mama Hadija kunywa chai ya maziwa na vijiko vyangu vinne, najiona nimeuruka mtego. Tena nilikuwa nasali kabla ya kunywa.

Kiu ikazidi. Macho yakaanza kuona ukungu, mguu wa kushoto ukawa unawaka moto. Yote nikamsingizia Rehema, ingawa chai yake hata tone halijapita kooni kwangu.

Siku ya kliniki akanisindikiza Korogwe. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akatazama kipimo, akakunja uso. Sukari imepanda sana. Akamuuliza Rehema ninachokunywa.

"Chai ya kijani, daktari," Rehema akajibu. "Wiki tatu mama hajagusa sukari. Namwandalia mwenyewe, na kikombe kinarudi kitupu."

"Basi vidonge havitoshi," daktari akasema. "Itabidi tuanze sindano kila siku."

Nilijua ni uongo wangu ndio unaoandikwa kwenye ile kadi, nikanyamaza.

Rehema akasema, "Nifundisheni kuchoma. Nitamchoma mimi." Ndugu zangu, hata hapo moyo wangu ulisema, umesikia? Sasa anataka kukuchoma sindano! Lakini nikamtazama. Akakunja mkono wa gauni lake, akamnyooshea daktari mkono, akasema, "Nichome mimi kwanza, hata sindano tupu. Nijue inauma kiasi gani kabla sijamchoma mama."

Mimi chai yake niliijaribu kwenye mpapai. Yeye sindano yangu alitaka aijaribu mwilini mwake.

Nililia pale mbele ya watu. Nikaungama yote, dirisha, mpapai, vijiko vinne, hata limbwata. Daktari akanigombeza vizuri, maana alikuwa karibu kunipa dawa ambayo pengine ingeshusha sukari kupita kiasi na kuniangusha. Sindano akaziweka kando kwanza. Akanieleza kwamba chai ya kijani ni kinywaji kizuri, ila kwangu faida yake kubwa ni kwamba nitainywa bila sukari. Haiponyi kisukari, na vidonge nisiviache hata siku moja.

Kwenye basi nikamtazama Rehema pembeni yangu. Nikajua nimempoteza. Tulipokaribia Segera akageukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Mama," akasema, "ndiyo maana ule mpapai umenawiri."

Basi liliposimama Segera, kijana akatuletea vipakiti dirishani. "Mama, chai ya kijani hii, inatibu kisukari, presha na mikosi!" Vijana wakisikia hadithi ya uongo husema hiyo chai. Nikamwambia, "Mwanangu, chai ni chai, ila hayo unayosema ndiyo chai yenyewe." Shaka yangu yote Bwana hakuiondoa, wapendwa. Ameihamishia panapostahili.

Leo ni mwezi wa tano tangu siku ile. Sukari imeshuka, macho yanaona, vidonge namezea maji, na kikombe changu nakimaliza mbele ya Rehema. Wewe uliyekaa hapo ukimchunguza mkweo, mumeo au jirani yako, mwamini Mungu, umuulize mwenyewe. Mimi wiki tatu niliuuliza mti.

Binti yangu aliniambia chai ile itanituliza. Wapendwa, nimetulia.