Joistiki Mbili za Kikwajuni

Mheshimiwa Sheha, mkuu wa mtaa wetu. Bwana Pirbhai, mwenye nyumba hii. Wazee wenzangu, kina mama na kina baba. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi watoto mliojaa dirishani mpaka upepo umekosa njia: assalamu alaykum.

Nimeombwa niseme machache kabla ya mashine hizi kuwashwa. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na anayemwomba mwalimu aseme machache anajua mwenyewe alichokitafuta. Lakini leo nina furaha, jamani, na nitajitahidi isinichukue mbali.

Sikukuu iliyopita Bilkis, binti wa Bwana Pirbhai, alileta mashine za gemu katika chumba hiki. Sikukuu mosi watoto walicheza mpaka magharibi. Sikukuu pili joistiki, vile vijiti vya kuongozea, zilikuwa zimelegea kama mchicha uliochemshwa. Unasukuma kulia, mtu wa kwenye kioo anakwenda anakotaka yeye. Watoto walirudi makwao wakilia ndani ya nguo mpya, na Bwana Pirbhai akamwambia binti yake: ikitokea tena, chumba kinarudi kuwa ghala la vitambaa. Kesho kutwa ni Idi. Hilo ndilo lililo mbele yetu.

Mara hii Bilkis hakukurupuka. Alinunua joistiki za namna mbili, akazifunga kwenye mashine mbili, akawaachia watoto wa mtaa wetu wa Kikwajuni wazitese. Moja ilichaguliwa na kaka yake, Qasim: inang'aa, ina taa za rangi, nyepesi kama kijiko. Ya pili, chaguo la Bilkis, nyeusi tupu na nzito. Qasim alimcheka: "Dada, hii umeinunua au umeing'oa kwenye gari bovu?"

Na mateso gani hayo! Mnawajua watoto wetu. Mkono unatoka kwenye embe mbichi yenye chumvi na pilipili, unaingia moja kwa moja kwenye mashine. Huko viwandani sijui kama wana kipimo cha embe.

Alhamisi iliyopita Bwana Pirbhai akaja kukagua. Ya Qasim inawaka na inacheza. Nyeusi imeganda, haiendi mbele wala nyuma. "Hii ndiyo uliyoisifia?" akamuuliza binti yake. "Sasa mie nisubiri nini?" Bilkis alinipigia simu, nami nikaja na bisibisi yangu.

Je, ndugu zangu, kila kilichokwama ni kibovu? Niliifungua ile nyeusi. Ndani nikakuta uji wa vumbi na mafuta, na sisimizi wameshahamia. Nikanusa: mafuta ya nazi! Kugeuka, namwona Bi Mwamvua, mwangalizi wa nyumba hii, anatazama sakafu.

"Bi Mwamvua, ni wewe?"

"Mie, mwalimu. Nlikisikia kinagonga tak, tak, nkasema maskini, hiki kimekauka. Basi kila asubuhi nakitilia mafuta, kama bawaba za mlango."

"Na kile chenye taa?"

"Kile kimya. Nlikiona kina afya."

Msicheke sana! Amenipa ruhusa nimtaje, kwa sharti niseme kwamba mafuta yalikuwa safi, ameyapika mwenyewe. Lakini ile tak si ukavu. Ndani mna swichi ndogo, moja kwa kila upande, na sauti ile ni swichi inayotoa habari kwamba amri imefika.

Nilitoa skrubu, nikaosha chuma kwa spiriti, nikachomoa swichi zilizolowa na kuchomeka nyengine. Springi haikuwa na doa la kutu. Kisha nikaigeukia ile ya taa, iliyokuwa bado inacheza. Haina skrubu hata moja; imebandikwa kwa gundi, ikabidi niivunje ukingo. Springi imekuwa nyekundu kwa kutu, na shingo yake ya plastiki ina ufa unaoingia ukucha. Sikukuu mosi ingefika. Ya pili isingeiona. Qasim aliishika, akaigeuzageuza, akasema: "Mwalimu, kumbe mimi nimenunua taa."

Kwa hiyo nyinyi mnaonunua feni na mashine za kusagia, nisikilizeni: msiulize tu kama kitu kinafanya kazi leo, ulizeni kama kinakubali kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa tena. Kilichoundwa vizuri huvumilia makosa yetu, hata makosa ya huruma.

Bwana Pirbhai alinisikiliza yote haya, akasema: "Maneno yako mazuri, mwalimu. Lakini mie mfanyabiashara. Iwashwe mbele ya watu."

Basi na iwashwe! Bilkis, mwanangu, njoo. Shika, usiogope. Kulia... mnasikia? Kushoto! Juu, chini, mshazari! Tazameni kioo, mtu wake anakwenda anakoamriwa! Pigeni makofi, Mheshimiwa Sheha ameshatutangulia!

Bwana Pirbhai, binti yako anakutazama, na mtaa mzima unakutazama. Chumba hiki ni cha mashine au cha vitambaa? Naam? Sema kwa nguvu, bwana, wa dirishani hawakusikii.

Anasema: "Vitambaa nshavipeleka ghala la Fumba tangu asubuhi."

Allahu akbar! Mimi sina la kuongeza juu ya hilo. Nakushukuruni nyote kwa kunivumilia nikieleza, na asanteni kwa masikio yenu. Idi njema.