Jicho la Fundi

Benchi letu liko nje ya duka la dobi, pale mvuke wa mashine unapotupunguzia baridi ya nchi za watu. Sisi wageni tunakutana hapo kati ya zamu na zamu, na ubishi wetu ni wa daraja la kwanza. Juzi Fundi, mshonaji wetu, alikuja na chupa nzima ya kahawa. Tulishangaa, maana Fundi ana mkono wa birika. Akamimina, nusu kwenye vikombe, nusu kwenye viatu vya Wakili. Mtoto wa jicho amemshika macho yote mawili. Siku hizi hata sindano anatungiwa uzi na wateja. Kesho yake asubuhi alikuwa apasuliwe la kulia.

— Mara ya kwanza walinirudisha, akasema Fundi. Eti aliyekuja peke yake hapasuliwi. Lazima awepo mtu wa kumrudisha nyumbani. Nikawaambia ndugu yangu yuko nje. Nesi akatoka kumtafuta!

— Akamwona?

— Akaona benchi tupu. Na kesho wakinirudisha tena, naanza foleni upya. Mwaka mzima mwingine gizani.

Wakili ni mlinzi wa ghala, anajua sheria zote isipokuwa za nchi hii. Akakohoa.

— Wanataka shahidi. Wakipasua jicho silo, wapate wa kumsingizia.

— Shahidi wa nini, wee! akadakia Bosi, anayesafisha ofisi za watu na kukalia viti vyao kabla hawajafika. Hiyo ni dhamana. Mmoja anaingia, mwenzake anabaki rehani.

— Rehani kwa jicho bovu? Acha masihara.

— Basi ni utafiti. Wanatupima sisi wageni, nani ana mtu na nani hana.

— Wakishajua?

— Watatuuzia ndugu!

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Nami nikatia yangu: jicho jipya humpenda mtu wa kwanza linayemwona, kwa hiyo daktari anakwepa kupendwa. Wakabisha kweli kweli, Wakili akasimama kabisa.

Dada mmoja, mgeni wa wiki ile ile, alikuwa ndani akisubiri nguo zake zikauke. Akatoa kichwa mlangoni.

— Samahani, kaka zangu. Kwa hiyo kesho anakwenda na nani?

Wakili akaketi. Bosi akatazama saa. Ana zamu asubuhi. Mimi pia ninayo, na msimamizi wangu ukikosa siku moja anaita mtu mwingine. Niliona aibu, jamani, nikainamia kikombe changu.

Fundi akaipapasa chupa mpaka akaipata.

— Ongezeni, bado ipo. Niliileta makusudi, nilitaka kuwauliza hilo hilo. Sema mada ilikuwa imenoga, nikaona nisiwakatishe.