Profesa wa Fizikia na Ng'ombe Kumi na Wawili

"Bisha uone!" Ryoba alikuwa ameshasema mara tatu, na kikombe chake cha kwanza cha kahawa hakijaisha. Pale kijiweni, mtaa wa Nyasho, wanamwita Redio, maana hazimiki. Asubuhi hiyo alikuwa ameosha bodaboda yake mpaka matairi. Dada yake Nyangi, profesa wa fizikia huko Kanada, alikuwa anafika kwao Bunda saa nane mchana, baada ya miaka kumi na tisa, na Ryoba alitaka mji mzima ujue nani atampokea stendi.

— Dada profesa, wewe uliishia la sita? — alisema Lameck, fundi viatu, wanayemwita Wakili.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, Wakili! Yeye alichukua akili za darasani, mimi za barabarani.

— Fizikia ya kule ni mabomu tu.

— Mwanga, bwana! Anapimaga mwanga. Unakimbia kuliko hii pikipiki.

— Haraka haraka haina baraka.

— Ndiyo maana amesota! Norwei, Ujerumani, Kanada. Mkataba miaka miwili, kibali kikiisha anafungasha. Miaka tisa kibarua, na udaktari wake mkononi! Mwaka jana ndiyo wakampa uprofesa wa kudumu. Sasa wazungu hawawashi taa bila kumuuliza.

— Hee! Na jua?

— Linachomoza akishasaini.

Wakili akagonga soli, akacheka.

— Ila angeolewa, wale ng'ombe kumi na wawili wa mahari yake wangekuolea mke. Ona unavyozeeka na bodaboda.

Yunis, mama mgeni aliyekuwa anangoja kiatu chake kishonwe, akauliza:

— Mwanangu, mlipoongea mara ya mwisho, alikwambiaje?

Redio ikazima.

— Anampigiaga mama. Mama anaweka sauti kubwa. Mimi nasikilizaga.

— Na wewe?

Ryoba akageuza kikombe, kahawa imebaki machicha.

— Kuna sehemu nimeiruka. Siku ng'ombe walipoletwa, Nyangi alijificha kwenye ghala la pamba. Nilikuwa na miaka kumi, nimeambiwa ng'ombe wale ndio mke wangu. Baba akauliza yuko wapi. Nikaonyesha kwa kidole. Wakamtoa anapiga kelele. Siku ya tatu akawatoroka wale watu waliomwoa, mwalimu wake akampeleka shule ya mbali. Ng'ombe wakarudishwa.

Wakili akaweka nyundo chini.

— Basi nenda ukampokee.

— Pikipiki nimeosha kwa kupenda mwenyewe tu, Wakili. Hakuna aliyeniambia niende.