Muntu wa Ngome ya Chumvi

Nianze na mwisho wake ili usome kwa raha: Rigobert yuko mzima, na juzi alinipita barabarani akijifanya hanioni kwa sababu nilimshinda katika swali jipya la farasi wa malkia. Haya, sasa tukae. Benchi letu liko kwenye kona moja ya Kenya, mtaa wa mjini kwetu Katanga, si ile nchi, mbele ya ua wa Mama Ngosa, anayeuza kahawa katika vikombe vya bati. Hapo hukaa watu wazima wenye akili zao, wanaojua gazeti la picha la watoto kuliko wanavyojua katekisimu. Gazeti hilo lilikuwa likitujia kila juma kwa ndege kutoka Brussels, na ndani yake mlikuwa na habari za Ormelune, nchi isiyopatikana katika ramani yoyote: wafalme, majitu, misitu ya vioo. Gérard, karani wa reli, tunamwita Dictionnaire, yaani kamusi, kwa kuwa ameyasoma yote tangu namba ya kwanza. Paulin, fundi wa redio, ni Moitié, maana kila hadithi aliisoma nusu. Rigobert ni mshonaji, na hana jina la utani. Mimi Léonie, mwanafunzi wa sheria pale université, waliniita Avocate, wakili, wakidhani jina litanifanya nione haya ya kusema. Lilifanya kinyume.

Benchi lina desturi yake. Anayetaka kukaa anapita mtihani, kisha anachagua ngome moja ya Ormelune, na tangu siku hiyo yeye ni mwenyeji wa huko. Zamani ulikuwa mchezo tu. Lakini mwaka ule wa 1961, Katanga ikiwa imejitenga, kuulizwa mjini wewe ni mtu wa wapi hakukuwa tena salamu. Wazazi wa Rigobert walitoka Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akajifunza cherehani hapa, na hata hivyo watu wenye bunduki walikuwa wakiwachukua watu kama yeye barabarani, na wengine hawakuonekana tena. Majirani zake wengi walikuwa wamekimbilia kambi ya wakimbizi, chini ya helmeti za buluu za ONU, Umoja wa Mataifa. Yeye alikataa kuiacha cherehani. Ndipo Gérard akatoa amri: kwenye benchi hili hakuna atakayemuuliza mwenzake alikotoka, ataulizwa ngome tu. Tukaizoea amri hiyo kupita kiasi, kama utakavyoona.

Jumamosi ile tulikuwa kwenye kesi ya kivuli, tukibishana kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo watu ni bantu, wameikata ni banaikata, ndiyo ni njo, na kwa sababu ni juu. Tangu mapigano ya mwezi wa tisa gazeti lilikuwa halijafika, na picha ya mwisho tuliyokuwa nayo ilimwonyesha Mfalme Aldobert uani kwake, ameshika kisanduku, hana kivuli.

— Kivuli yake banaikata, alisema Gérard. Banaishona mu bendera. Kumbukeni, bendera ya Aldobert iko nyeusi.

— Iko nyeusi juu ile wiki wino ilimwangika, nikamjibu. Na pantalon ya mupishi ilikuwa nyeusi. Ile nayo banaishona na kivuli ya nani?

— Avocate, acha bantu bakubwa baseme.

— Bakubwa ba wapi? Tunapitana miaka mbili.

Paulin alikuwa amengoja nafasi yake, mikono magotini.

— Mi nasema ivi. Kivuli ilikimbia. Ikaenda kuanzisha ufalme yake ngambo ya muto. Iko na masoda ya bunduki, iko na kodi.

— Kivuli iko na kodi?

— Dictionnaire, weye unatumika kwa chemin de fer, unaona ufalme gani haina kodi?

Rigobert akatikisa kichwa polepole. Huyo akitikisa kichwa hivyo, ujue analeta kubwa kuliko zote.

— Ninyi hamuoni mbali. Kivuli ilioa. Bale batoto ba mu Musitu ya Vioo, benye tunasikia sauti yabo na hatuone miili, njo batoto yake. Na sasa banataka urithi.

Kwa kweli ilikuwa nzuri. Mama Ngosa akainua uso kutoka kwenye sufuria.

— Mu ile picha, jua iko wapi?

— Iko juu, mama, alisema Gérard. Katikati kabisa.

— Basi ni saa sita. Hata mi saa sita sinaka kivuli.

Gérard alipangusa miwani, akaitazama, akaipangusa tena.

— Mama, weye haukupita mutihani.

— Mi napika kahawa yenu. Ile njo mutihani.

Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia, na Gérard, ili kuirudisha heshima yake, akanigeukia mimi, kama kawaida.

— Avocate. Farasi wa malkia, mbele ya kupoteza sauti, neno yake ya mwisho ilikuwa nini?

— Attends, ngoja. Juu ya nini maswali yote yanakuya kwangu? Paulin hamujamuuliza kitu tangu Pasaka.

— Paulin tunamujua.

— Munajua tu ya kama hajui. Na mi munaniuliza juu munajua ya kama najua. Hapo munatafuta nini?

Paulin akasema jina lake tuliache nje ya kesi. Nilikuwa nimeshainuka, kidole hewani, hoja ya pili mdomoni, nikaona macho ya Rigobert yameniruka na kwenda nyuma yangu.

Alikuwa soda. Ndivyo tulivyowaita askari. Kijana wa rika letu, buti nyeupe kwa vumbi, bunduki imelala mkononi. Mwenzake alibaki ng'ambo ya barabara, akiegemea mlango wa jeep. Huyu alikuja hadi karibu na magoti yetu, akasimama.

— Kila muntu aseme iko wa wapi.

Sikukaa. Mwalimu wetu wa sheria alitufundisha kwamba anayekuuliza kwa jina la serikali ana wajibu wa kukuambia kwa nini.

— Kwa sheria gani, chef?

Gérard alinivuta sketi kwa nguvu, nikajikuta nimeketi. Nakiri kwamba nilikasirika zaidi kwa sketi kuliko kwa bunduki. Hasira inachagua mahali papya pa kukaa pale pa kwanza panapokuwa na hatari.

— Kongolo, chef, alisema Gérard upesi. Baba yangu alikuyaka na chemin de fer.

— Kasenga, alisema Paulin.

— Bunkeya, nikasema mimi, kwa sauti ya mtu anayetapika.

Kote huko ni Katanga. Zamu ikamfikia Rigobert. Jibu lilikuwa tayari, tulikuwa tumelifanyia mazoezi: mama wa Kamina, nako ni Katanga, baba alikufa zamani. Alilijua kwa moyo. Lakini alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, kikombe chake mkononi, kwenye benchi ambapo swali lile lilikuwa na jibu moja tu kwa miezi mingi. Mdomo ulikwenda ulikozoea.

— Ngome ya Chumvi, alisema.

Gérard alifumba macho. Mimi nilihesabu hatua za kufika nyuma ya ua wa Mama Ngosa, nikaona ni nyingi. Rigobert mwenyewe alikuwa amesikia alichokisema.

Soda aliinama kumtazama usoni.

— Ngome ya Chumvi, akarudia. Mulango gani?

— Mulango ya upepo, chef, alisema Rigobert.

— Nani analindaka kule?

— Bertolin.

— Na imbwa yake?

— Hana tena imbwa. Ilikula mwezi, ikapanda juu nayo.

Soda aligeuka kumtazama mwenzake wa jeep, kisha akatugeuzia tena uso, akashusha sauti.

— Sawa. Umefika ku mulango. Bertolin anakuambia ulambe ukuta. Unalamba. Unamuambia nini?

Hapa lazima nieleze. Kuta za ngome ile ni chumvi tupu, na kila mgeni anayefika husema anasikia chumvi. Wote waliosema hivyo walirushwa shimoni. Jambo hilo liko katika picha ndogo kabisa, chini ya ukurasa, na msomaji mwenye haraka hulipita. Paulin alilipita. Namwona bado, akiwa mwisho wa benchi, pembeni ya bega la soda, anamchezea Rigobert midomo kwa huruma yote ya dunia: chu-mvi, chu-mvi. Ningekuwa na kiatu mkononi ningemrushia.

Rigobert hakumtazama.

— Namuambia sisikie kitu, chef. Muntu mwenye alikulia mule hasikiake chumvi.

Ile bunduki ikageuka, mdomo wake ukatazama chini. Soda alikohoa kidogo, na nilipomchungulia niliona anajizuia kucheka.

— Bananituma nitafute bantu ba Kasai, alisema. Ngome ya Chumvi haiko mu Kasai.

— Apana, chef, alisema Gérard, sauti imempanda kama ya mwanakwaya. Haiko kabisa.

— Hata karibu, akaongeza Paulin, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema jambo kamili.

Soda alipaza sauti kwa mwenzake kwamba hapa hakuna kitu, yeye anakunywa kahawa kidogo, kisha anakuja. Mama Ngosa alimpa kikombe bila kumtazama. Akakaa pale nilipokuwa nimekaa mimi. Nilisogea, na siwezi kusema nilisogea kwa moyo mweupe. Alisema anaitwa Kabwe. Gazeti alilisomea misheni, kwa mapadri, hadi alipoandikishwa jeshini. Tangu hapo hajaliona. Kisha akaanza kuuliza, na tukamjibu wote kwa pamoja kama wanafunzi mbele ya inspekta. Mfalme amefikwa na nini tangu hapo. Malkia alimsamehe nani. Gérard alimwaga kamusi yote. Nilimwambia Kabwe neno la mwisho la farasi wa malkia, na Gérard alilazimika kukubali mbele ya mashahidi kwamba ni lenyewe.

Kabwe alimaliza kahawa yake. Akashika bunduki ili ainuke, akabaki ameishika.

— Ule Bertolin, alisema. Ku mulango. Ni nani anamupokeaka?

— Anamupokea vipi, chef?

— Zamu. Muntu anasimama ku mulango, kisha mwingine anakuya, yeye anaenda. Siku gani anarudiaka kwabo?

Gérard alianza kuhesabu kwa vidole. Nilimwona akirudi nyuma namba kwa namba, ukurasa kwa ukurasa. Tulijua upanga wa Bertolin ulifuliwa wapi. Tulijua uzito wa funguo zake, na jina la mbwa kabla hajala mwezi. Paulin alimtazama Rigobert, Rigobert akanitazama mimi, na mimi, ninayejibu hata nisichoulizwa, niliangalia buti za yule kijana.

— Haikuandikwa, alisema Gérard mwishowe.

— Na kula? Anakulaka wapi?

— Hatukumuonaka akikula, chef.

— Ah, alisema Kabwe. Basi.

Aliinuka, akajipangusa vumbi ambalo halikutoka. Bila kumtazama yeyote akasema kwamba jioni watasimama kwenye njia ya soko, na kwamba muntu wa Chumvi afadhali apite nyuma, kwa gereji. Jeep ikaondoka.

Rigobert akaanza kucheka, na kucheka kwake kukatuambukiza, Mama Ngosa kwanza, hadi akafuta macho kwa kitambaa cha sufuria. Gérard aliapa atamnyang'anya Paulin benchi. Paulin aliapa kwamba alikuwa akisema tu sala. Mimi nilianza kueleza ubatili wa kumuuliza raia asili yake bila hati yoyote, na kwa mara ya kwanza waliniacha nimalize.

Rigobert alinyoosha kikombe. Mama Ngosa akainamisha sufuria kumwonyesha: hakuna kitu.

— Lakini kweli, alisema Gérard, bado amekunja uso. Bertolin. Anarudiaka siku gani?

Rigobert alishaweka kikombe chini na kusimama, ametazama upande wa gereji.

— Ngoja, Dictionnaire, alisema. Nirudie kwetu mi kwanza.