Mishono Minne ya Fundi Usumani

Wasikilizaji wapendwa, leo tumkumbuke fundi Usumani Nsengiyumva wa Nyamirambo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na moja alishona suruali na kanzu kwenye kibaraza kimoja, na hakupita mtu bila kutaniwa.

Mwaka juzi alikutwa na saratani ya tumbo. Iliwahiwa, wasikilizaji. Iliwahiwa mapema kabisa. Akapasuliwa, ikatolewa pamoja na sehemu ya tumbo lake. Siku ya kuruhusiwa, daktari akamwambia mbele ya mkewe Raihana:

"Mzee, kazi yetu imekwenda vizuri. Iliyobaki ni yako. Kula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Rudi kila baada ya miezi mitatu. Na ukipungua uzito, usingoje tarehe. Njoo siku hiyo hiyo."

Alirudi mara mbili. Mara ya tatu hakwenda, alisema ana nguo za Idi za kushona. Ya nne hakwenda tena.

Raihana alimtazama kila asubuhi akitoka. Alitafuta shati linaloning'inia, au suruali iliyokunjamana chini ya mkanda. Hakuona. Nguo zilimkaa sawasawa. Hata Ismaël, jirani yake muuza vitambaa, alimchokoza:

"Bwana we, umependeza! Unaoa wa pili?"

"Huyu mmoja ananihesabia vijiko vya uji," Usumani akajibu. "Wawili si wataniua?"

Kumbe kila alipopungua, alizipunguza na nguo. Alifumua, akabana, akapiga pasi. Mkono wake ulikuwa safi, haukuacha alama. Na mashavu yaliyobonyea? Alifuga ndevu.

Siku moja Raihana, akifua, aligeuza suruali ya kijivu nje ndani.

"Nikaona mishono minne," anasimulia. "Mmoja ndani ya mwingine. Nikamwita: Baba Swafiya, umenificha tangu lini? Akasema, niliogopa watanipasua tena."

Kesho yake walikwenda hospitali. Lakini kichomi cha mapafu kilikuwa kimeshamwingia, na kilimkuta hana akiba mwilini. Siku ya tisa akafariki.

Binti yake, Swafiya, alimfuata daktari kwenye korido. "Saratani ilirudi?"

"Haikurudi," daktari akamwambia. "Mzee alikonda mno. Kukonda kule kulikuwa na dawa, wala si kisu."

Narudia, wasikilizaji. Saratani haikurudi.

Mama Raihana, Swafiya, na ninyi mafundi wa kibaraza kile, msiba huu ni wetu pia. Mungu amrehemu Usumani, na awape ninyi subira.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Huenda nyumbani kwako yupo aliyepasuliwa, akapona, na kila mtu ameshasahau. Ukimwuliza hali, atakujibu ni mzima. Basi usimwulize. Keti naye wakati wa kula, na utazame anachobakiza kwenye sahani.