Meza ya Obedi Haihamishwi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: nataka kufanya kazi aliyoifanya Bi. Munira Khalidi. Nalisema sasa kwa sababu tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili ya kusimamia ubunifu katika karakana yetu ya ususi hapa Nzuguni. Nasema "yetu" kwa kuwa baba yangu, Obedi, ni msusi hapo. Baba haoni, na wenzake wengi nao wana ulemavu.

Bi. Munira alipofika, karakana ilikuwa karibu kufungwa. Vikapu vya mapambo vilinunuliwa na wageni walioona huruma, na mwenye huruma hanunui mara mbili. Yeye akaenda kwenye mashamba ya zabibu kuwauliza wavunaji wanabebaje mzigo wao. Alirudi na wazo la kikapu kipana, chenye kina kifupi, kisichoponda zabibu za chini.

Mkulima mmoja akaahidi kuja kuwaona wasusi wakiwa kazini. Kwa furaha, Bi. Munira akaipanga upya karakana nzima ili ipendeze. Asubuhi yake baba alichovya ukindu kwenye ndoo ya rangi badala ya maji, na kitimwendo cha Kuluthumu, msusi mwenzake, kikakwama kati ya meza mbili nzuri sana. Mkulima alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Dada Munira," baba akasema, "leo umetupofusha mara ya pili."

Kuluthumu akadakia kwamba yeye macho anayo, ila siku hiyo hayamsaidii kitu.

Bi. Munira aliomba radhi mbele ya mgeni, akarudisha kila kitu mahali pake huku wasusi wakimwelekeza. Mkulima alisubiri, akaona kazi, akaagiza. Anaagiza kila msimu hadi leo.

Tangu siku hiyo, hakuna kitu kinachohamishwa wala kubuniwa kabla hakijapita mikononi mwa atakayekitumia. Ndiyo maana meza ya Kuluthumu inapanda na kushuka, taa humwakia Anna, asiyesikia, mtu anapobonyeza kengele, na kiolezo cha baba kina mikato inayokiambia kidole mahali pa kuanzia ukingo. Kitu pekee ambacho Bi. Munira hakuweza kukiboresha ni sauti yake ya kuimba.

Asante, Bi. Munira. Nenda Kondoa ukapumzike. Maisha yako yawe mapana kama vikapu vyako, na lolote jema ulilobeba lisipondeke.

Nilipomaliza kuandika haya, nilimpelekea Bi. Munira mchoro wa begi la shule nililolibuni. Hakuutazama, alisema nimpe atakayelisuka. Atakayelisuka ni baba, na mchoro haushikiki. Nikarudi nyumbani, nikakata boksi, nikaliunga kwa kamba ya katani, nikamwekea baba mikononi. Alilizungusha taratibu, kisha akasema kona hii itamchoma mtoto mgongoni. Nikachukua mkasi, nikaanza upya.